Shahada tatu, geti moja: kisa cha mhadhiri msaidizi na karanga zake

Alinipigia Jumapili jioni.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kukusumbua siku ya mapumziko."

"Marahaba mama. Sema tu."

"Profesa anataka nianze naye uzamivu mwezi wa kumi. Fomu ameshanipa. Na kila ninayemwambia ananiambia nisithubutu."

Nilimfundisha dada huyu takwimu akiwa shahada ya kwanza, kabla sijahama chuo kile. Nasimulia kisa chake kwa ruhusa yake. Jina lake siliandiki, wala la chuo kilichompa shahada mbili za mwanzo, wala la chuo cha pili kitakachotajwa huku mbele. Msomaji atakayedhani anavijua, huenda anadhani hivyo kwa sababu hata chuo chake kiko hivyo hivyo.

Wakati ananipigia alikuwa na miaka 29, mume, mtoto wa miaka mitatu, na kazi ya mhadhiri msaidizi katika chuo cha umma. Cheo hicho kwetu Tanzania ni cha kupita. Bila uzamivu hupandi kuwa mhadhiri, na mwajiri hachoki kukukumbusha. Shahada ya kwanza na uzamili alivichukua chuo kimoja, idara moja, na uzamili aliufanya chini ya msimamizi mmoja, ambaye humu nitamwita Profesa tu.

Utafiti wake wa uzamili ulihusu sumukuvu kwenye karanga, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mama yake mzazi anauza nafaka soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na ndiko alikokulia, kwenye ungo, akitenga karanga nzima na zilizonyauka. Alichokuja kukielewa ukubwani ni kwamba zile zilizonyauka na kuota ukungu hazitupwi. Zinauzwa kwa bei ya chini, zinasagwa, na nyingine zinaishia kwenye unga wa uji wa lishe, uji ambao mama anamlisha mtoto akiamini anamjenga. Wanaofuatilia mambo haya watakumbuka 2016, ugonjwa ulipozuka Dodoma na Manyara na watu wapatao 20 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, mengi yakiwa waliyolima wenyewe. Kenya walishapigwa vibaya zaidi 2004: waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Kwa hiyo hakuwa anatafuta cheo tu. Swali la uzamivu alikuwa nalo tayari: mtoto anayenyweshwa uji ule anapata sumu kiasi gani mwilini, na kuchambua karanga kwa mkono kunaipunguza kwa kiasi gani.

Sasa, huo ushauri wa "usithubutu". Kwa ukamilifu wake unasema hivi: mtu asichukue shahada tatu geti moja, maana atakuwa amesikia hoja za watu wale wale miaka kumi, na wenzake watamwona kama mtoto asiyetoka nyumbani. Ni ushauri wenye asili yake. Ujerumani, chuo kwa kawaida hakimpandishi mtu wake wa ndani kuwa profesa. Anatakiwa kwanza atoke akaitwe kwingine. Marekani idara nyingi huwasukuma wahitimu wao waende kutafuta uzamivu mahali pengine, na wengi wao huingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, kwa hiyo kuhama huko ni kuhama mara moja tu na kuna vyuo mia kidogo vya kuchagua.

Sisi hatuna mia. Idara za sayansi ya chakula zenye uwezo wa kusimamia uzamivu wa sumukuvu nchini unazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Nilimwambia achukue karatasi, aandike jina la msimamizi anayemfikiria katika chuo cha pili, kisha achunguze huyo naye alisimamiwa na nani. Alinirudia kesho yake akicheka. Msimamizi huyo mpya, mama mmoja mwenye sifa nzuri, alisimamiwa uzamili na Profesa yule yule. Angepanda basi kutwa nzima kwenda kusoma kwa dada yake wa kitaaluma.

Hapo hoja ya "kupata fikra mpya" ilipungua uzito, ingawa haikuisha. Yule mama uzamivu aliufanyia Ulaya na huko alijifunza kupima sumu kwenye mkojo na damu, jambo ambalo Profesa hakuwahi kulifanya. Profesa ni mtu wa ghalani. Anajua unyevu, magunia, mifuko isiyopitisha hewa, panya. Kwa uzamili wa dada huyu hiyo ilitosha kabisa. Kwa swali la mtoto na uji, ghala ni nusu ya safari.

Ilikuwepo pia ishara nyingine ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameipa uzito. Wakati wa utetezi wa tasnifu ya uzamili, mtahini wa nje alimuuliza mbona amepima sumukuvu peke yake, ilhali unga wa lishe una mahindi ndani, na mahindi yetu yana fumonisini pia, sumu nyingine ya ukungu. Alijibu kwamba kifaa alichokuwa nacho kinapima sumu moja moja. Jibu lilikuwa la kweli na lilimpitisha. Ila mtu akikuuliza swali kwenye uzamili ukajibu "sina kifaa", swali hilo hilo linakusubiri kwenye uzamivu, na safari ile jibu halitakupitisha.

Mpaka hapa mtu angesema, basi ahame. Mimi sikusema. Bado hatukuwa tumefika kwenye jambo linaloamua, na jambo hilo nilimuuliza moja kwa moja: "Unajua mwanafunzi wa Profesa anayeandika uzamivu anasubiri muda gani sura ya tasnifu aliyompa aisome irudi?"

"Nilimuuliza mmoja. Alisema yuko vizuri, hana shida."

"Umeuliza mmoja?"

Akanyamaza, halafu akacheka tena, maana alijua ninakompeleka. Kwenye kazi yake, kosa kubwa kuliko yote katika kupima sumukuvu halitoki kwenye mashine, linatoka kwenye kuchukua sampuli. Sumu haienei sawasawa gunia zima. Punje moja mbovu inaweza kubeba sumu ya kuchafua kilo nzima kupita kiwango cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo, na punje zilizo jirani zake zikawa safi kabisa. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia ukapima, umepima kiganja chako tu. Huyu ndiye mtu aliyetumia miezi akichoma magunia juu, katikati na chini, akichanganya, akisaga, akigawa. Kisha kwa uamuzi wa miaka minne ya maisha yake akachota kiganja kimoja.

Basi akaenda kuchukua sampuli. Alipiga simu saba: watatu waliowahi kuwa au walio chini ya Profesa, wanne wa chuo cha pili, wawili kati yao wakiwa chini ya yule mama. Nilimsisitizia kitu kimoja, awatafute walioacha. Waliomaliza wako kwenye picha za mahafali na watakusimulia kwa moyo mweupe. Machungu huwa wameshayasahau. Walioacha hawako kwenye picha yoyote, na kuwapata kunataka umuulize mhudumu wa maabara, si mkuu wa idara.

Kwa Profesa, wa kwanza alimaliza kwa miaka sita na anamsifu mpaka leo. Wa pili yuko katikati. Sura yake ya pili ilikaa miezi mitano mezani, maana Profesa ana kamati, ana ukuu wa kitu hiki na bodi ya kitu kile, na ana wanafunzi wa shahada ya kwanza mia kadhaa wa kusahihisha. Wa tatu aliacha, sasa anafanya kazi kwenye mradi wa kilimo. Alimwambia maneno ambayo dada huyu alinisomea kutoka kwenye daftari: "Profesa ni mtu mzuri mno. Ndiyo maana nilichelewa kuondoka."

Chuo cha pili hakikuwa peponi. Mmoja alilalamikia vitendanishi vilivyosubiri manunuzi mpaka msimu wa mavuno ukampita, na kwa mtu wa karanga, kupitwa na msimu ni kupoteza mwaka. Mwingine alisema mji ni ghali. Lakini wale wawili walio chini ya yule mama, waliohojiwa siku tofauti, walitoa jibu moja: sura inarudi ndani ya wiki tatu, imejaa wino, na asipoweza anasema mapema kwamba hataweza.

Kuna watu huniambia naupa muda wa kurudisha sura uzito kupita kiasi. Nimekaa kwenye kamati za uzamili na uzamivu miaka ya kutosha, na sijaona mtu aliyekwama kwa sababu chuo chake hakina jina. Niliowaona wamekwama, wengi andiko lao lilikuwa mezani kwa mtu. Ni sababu mojawapo inayofanya vyuo visivyo na shahada ya kwanza kabisa, kama Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha iliyoanza kupokea wanafunzi 2011, kuwa na mvuto wake: msimamizi hana marundo ya karatasi za mwaka wa kwanza za kusahihisha. Haina maana kila msimamizi wa huko anasoma haraka. Piga simu ujue.

Jambo la pili lilikuwa la kalenda, na hili lilimuumiza kulitamka. Profesa wa chuo cha umma hapa nchini hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 65. Profesa alikuwa na 62. Hata mambo yakienda kama maji, dada huyu angekuwa anaandika sura za mwisho wakati msimamizi wake anafungasha vitabu ofisini. Wengine huongezewa mkataba, wengine hubaki kusimamia kwa hisani. Lakini kupanga uzamivu juu ya hisani ya mtu ambaye hata yeye hajajua atapewa nini ni kumtwika mzee wa watu mzigo asiouomba.

Fedha nitazipitia haraka, maana kwake hazikuamua, japo kwa wengine ndizo zinazoamua kila kitu. Mtu anayefikiria kuhama ajue kwamba kuna ufadhili unaomtaka ahame na ufadhili usiojali. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Kampala, una mpango ambao mhadhiri wa chuo mwanachama anapokewa na chuo kingine mwanachama bila kulipa ada ya masomo, huku mwajiri wake akibeba nauli na kujikimu. Ukibaki nyumbani mpango huo haukuhusu. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina ufadhili wa kusoma ndani ya nchi yako na mwingine wa kusoma nchi nyingine ya Afrika, na wanaangalia shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita, kwa hiyo anayekaa kupumzika kwanza ahesabu. Mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini, nao umesomesha wahadhiri, lakini huko foleni inapangwa na mwajiri. Dada huyu mwajiri wake alikubali kumlipa mshahara na ada akiwa masomoni, kwa mkataba wa kurudi kutumikia, popote atakaposoma nchini. Wengi hawana bahati hiyo.

Ulaya nayo ilipita mezani. Mtahini mmoja alimwelekeza Ghent, Ubelgiji, wanakoendesha mtandao wa MYTOX-SOUTH unaohusu sumu hizi za kuvu katika nchi za kusini, na kwa muda wa wiki mbili hivi aliota baridi na mashine zinazopima sumu chungu nzima kwa mkupuo mmoja. Nilimuuliza watoto wa Kongwa watapimwa na nani yeye akiwa Ghent. Tulikubaliana kwamba anachohitaji kule ni mashine kwa miezi, na miezi hiyo inaweza kuombwa baadaye akiwa amesajiliwa hapa, yule mama akiwa na jamaa zake huko. Pia sampuli za mkojo wa watoto zinahitaji kibali cha maadili na mkataba wa kuzisafirisha nje, na mambo hayo huenda kwa mwendo wake. Kuyaanza ukiwa nchini ni nafuu kuliko kuyafukuzia kwa barua pepe.

Mtoto na mume waliamua mambo yao bila mimi. Najua tu kwamba bibi wa Kibaigwa alifunga meza sokoni mwezi mzima akahamia kwa binti yake kulea, na kwamba mume alisema jambo moja la maana: "Ukibaki kwa ajili yetu halafu ukachelewa miaka sita, hatutakuwa tumefaidi."

Kwa hiyo kufikia mwezi wa nane uamuzi ulikuwa umeshafanyika kichwani mwake: ahamie chuo cha pili, yule mama awe msimamizi wa kwanza, na Profesa aombwe kuwa msimamizi wa pili, upande wa ghala, kwa miaka atakayokuwepo. Kilichobaki ni kwenda kumwambia. Aliahirisha mara tatu. Safari ya kwanza alikuta wageni ofisini. Safari ya pili alimkuta anatoka. Ya tatu, nadhani, aliitunga.

Hapa ndipo nilipomshauri kitu ninachokijutia kidogo kwamba sikukisema mapema. Makala ya utafiti wake wa uzamili ilikuwa haijaandikwa. Data zipo, tasnifu ipo kabatini, makala hakuna. Mwanafunzi anayeondoka bila kuandika makala anamwachia msimamizi wake hasara: fedha za mradi zimetumika, jina lake halitaonekana popote. Nilimwambia asiende mikono mitupu. Alikaa wiki tano, usiku baada ya mtoto kulala, akaandika rasimu nzima, jina lake la kwanza, la Profesa la mwisho.

Alinisimulia kikao chenyewe siku ile ile. Alimkabidhi rasimu kwanza, habari akiwa bado ameibana. Profesa akaisoma palepale, kurasa za mwanzo, akatoa kalamu akarekebisha jedwali la pili ambapo desimali zilikuwa tatu mahali pengine mbili. Bila kuinua macho akauliza:

"Unakwenda kwa nani?"

Akamtaja.

"Huyo nilimsimamia mimi." Akageuza ukurasa. "Anasoma haraka. Kuliko mimi." Kisha baada ya kitambo: "Mimi nilikwenda nje kwa sababu hapa shahada yenyewe haikuwepo. Wewe unaondoka ipo. Si kitu kimoja."

Dada huyu hakuwa na jibu, na mimi aliponisimulia sikuwa nalo. Yule mzee ni mmoja wa walioianzisha programu ile ya uzamivu ili vijana wasilazimike kuondoka. Katika hesabu zetu zote za simu saba na miaka 65 hatukuwa tumeliweka hilo, na hata tungeliweka nafikiri uamuzi ungekuwa ule ule. Lakini ofisini pale alikaa mtu aliyeona jengo lake linakataliwa, na binti aliyemkataa ndiye aliyemtegemea zaidi. Hakuna namna ya kuhama chuo inayoondoa hilo.

Alikubali kuwa msimamizi wa pili. Barua ya mapendekezo aliiandika kwa mkono wake, ndefu kuliko ilivyohitajika. Na akaweka sharti: sampuli za karanga, zile zilizosagwa na kufungwa kwenye vifuko vyenye jina lake, zilizojaza rafu nzima ya friza la maabara, hazitoki pale mpaka makala itoke.

Kuhama kulimgharimu muhula mmoja. Andiko la utafiti alilazimika kuliandika upya kwa muundo wa chuo kipya, na akakalishwa kwenye somo la mbinu za utafiti ambalo yeye mwenyewe alikuwa analifundisha kwa mwajiri wake. Alilalamika, kisha akakiri kwamba sehemu ya ukokotoaji wa ukubwa wa sampuli alikuwa anaifundisha kimakosa. Sura ya kwanza ilirudi baada ya siku kumi na tisa. Najua idadi kwa sababu alinitumia ujumbe wenye namba hiyo tu.

Makala ilikaa kwa wapitiaji wa jarida miezi minane, ikarudi na masahihisho, ikaenda tena. Safari hii Profesa hakuchelewesha. Aliyajibu masahihisho ya upande wa ghala kwa siku mbili, jambo ambalo mwanafunzi wake wa miezi mitano angependa kulisikia. Ilipokubaliwa, dada huyu alikuwa kijijini Kongwa akikusanya unga wa lishe kwa kina mama, simu ikishika mtandao kwa kubahatisha. Alikuta amepigiwa mara nne na namba ya Profesa. Akapiga.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Imetoka. Njoo na kisanduku cha barafu uchukue karanga zako, nina mwanafunzi mpya anataka hiyo rafu."